Ujuzi Haufungiwi Kabatini: Desturi za Maseremala wa Kibera na Kawangware

Barabara ya Ngong, jijini Nairobi, hupita kati ya mitaa ya Kibera na Kawangware. Kibera iko kusini, ng'ambo ya Woodley na Jamhuri. Kawangware iko kaskazini, ukiingia Barabara ya Naivasha kutoka Dagoretti Corner. Kandokando ya Barabara ya Ngong, hasa karibu na uwanja wa mbio za farasi, vitanda na sofa hupangwa nje tangu asubuhi, na wengi wa mafundi wanaovitengeneza hurudi jioni Makina au Lindi huko Kibera, au Gatina huko Kawangware. Ndani ya mitaa yenyewe kuna mabanda madogo zaidi: nguzo nne, mabati machache na benchi moja.

Kazi hii hufanyika hadharani. Anayetaka kujua mwenzake anavyounga mguu wa meza husimama akatazama, kwa maana hakuna ukuta wa kumzuia. Hapo ndipo ilipoota desturi kubwa ya maseremala hawa: mbao ina mwenyewe, lakini ujuzi ni wa wote. Huo si ukarimu mtupu. Huyu ana msumeno mzuri, yule ana klampu, na wa tatu ana mashine ya kuranda inayotumia stima. Asiye na mashine hubeba mbao zake begani hadi kwa mwenye nayo, akalipia kwa futi. Sofa moja hupitia mikono kadhaa: mmoja hufunga fremu, mwingine hushona kitambaa, mwingine hupaka vanishi. Anayemnyima jirani maarifa leo, kesho atakwenda kumwomba randa. Na adabu ya kuazima inajulikana: patasi irudi siku hiyo hiyo, tena ikiwa na makali.

Kijana huletwa bandani na mjomba, na jirani au na mama yake. Wazazi wengine humlipa fundi ada. Wengine hukubaliana kijana afanye kazi bila mshahara, apewe chakula cha mchana na nauli. Kazi zake za kwanza ni kufagia maranda, kung'oa misumari kwenye mbao kuukuu na kuinyoosha itumike tena, na kupiga msasa hadi vidole vichubuke. Baadaye huja kupima, kisha kukata, kisha kuranda, na mwisho viungo. Kosa la msumeno hula mbao, kwa hiyo msumeno haukabidhiwi haraka. Fundi hasemi sana. Humpokonya kijana randa, akaipitisha mara moja, akamrudishia. Kijana naye hujifunza hata kwa sikio, kwani randa inayokwaruza badala ya kuteleza humwonya kwamba anakwenda kinyume cha nyuzi. Siku atakapotengeneza stuli na ikapata mnunuzi, huanza kulipwa kwa kila kitu anachomaliza.

Kuna ujuzi mwingine uliozaliwa na mitaa hii yenyewe. Nyumba nyingi za kukodi Kibera ni chumba kimoja cha takriban futi 10 kwa 10. Ukiweka kitanda cha nne kwa sita na viti viwili, nafasi imekwisha. Ndiyo maana fundi wa hapa hutengeneza vitanda vya ghorofa, meza zenye droo, na makabati marefu yanayopanda badala ya kutanuka. Pia hufunga kitanda kwa bolti ili kifunguliwe, kipite kwenye vichochoro, kikaunganishwe ndani. Hata mabaki yana wenyewe: vipande huwa kuni, maranda hutandikwa kwenye vibanda vya kuku.

Kugawana huku kumevuka mipaka ya mitaa na makabila tangu zamani. Uchongaji wa vinyago wa Wakamba, unaojulikana leo kote duniani, huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akawafundisha watu wa kwao.

Pamoja na ujuzi, kuna chama. Wanachama huchanga kila wiki, kila mmoja akapokea kwa zamu. Mwenzao akifiwa, mchango hupitishwa. Februari 2018 serikali ilipositisha ukataji miti katika misitu ya umma, mbao za saiprasi na paini zilipanda bei, na marufuku hiyo ilidumu hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa. Katika hali kama hiyo fundi wa peke yake huumia zaidi. Walio katika chama huweza kununua mbao kwa pamoja.

Desturi hii ina mapengo yake. Wasichana bado ni wachache mabandani. Vumbi la mbao, ambalo tangu 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani, huvutwa bila barakoa. Na kijana huondoka na mikono yenye ujuzi bila karatasi ya kuonyesha mwajiri, ingawa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa mitihani ya ufundi kuanzia Gredi ya III hadi ya I, na aliyefunzwa bandani anaweza kuifanya.

Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwaeleza wakubwa kwamba wafanyakazi wadogo wa aina hii ni nguvu ya uchumi, si kero ya mji. Ukweli huo bado haujafika kwa kila mnunuzi. Wewe mwenye banda, mpe kijana barakoa na umruhusu akafanye mtihani. Nawe mteja, unapobishania bei ya kitanda, kumbuka kwamba mbao zilizoharibiwa na mwanafunzi zililipwa na fundi. Ada ya shule hiyo ya bandani hutoka katika bei unayotaka ipunguzwe.