Kuizuru Kivu ya Kusini Tukiwa Dzaleka



Kila mwaka wanafunzi wetu wanaosoma lahaja hufika kwenye mada ya Kiswahili cha mashariki ya Kongo, na kila mwaka huuliza swali moja: "Lini tutakwenda kukisikia kwa masikio yetu?" Safari hii tulikuwa tumejiandaa. Tulipanga kuwapeleka Bukavu, tuwaonyeshe Ziwa Kivu, tupande nao hadi Hifadhi ya Kahuzi-Biega, kisha tuteremke Uvira. Mwezi wa Februari 2025 mji wa Bukavu ukaingia mikononi mwa waasi wa M23, na mpango wetu ukaishia kwenye faili.

Ndipo mwenzetu mmoja alipokumbusha kwamba watu wa Kivu ya Kusini hawako Kivu peke yake. Maelfu yao wako Malawi, katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka. Tukaamua kwenda huko. Makala haya yanaeleza tulichojifunza kuhusu jimbo ambalo hatukulikanyaga, na kuhusu kosa moja la kwetu ambalo limetufanya tubadilishe somo.

Kutoka Lilongwe hadi Dzaleka

Lilongwe ni makao makuu ya Malawi tangu mwaka 1975, serikali ilipohama kutoka Zomba. Mitaa mingi huitwa kwa namba, na haifuatani: mgeni anayedhani Area 3 ipo kati ya Area 2 na Area 4 atatembea sana. Kutoka mjini hadi Dzaleka, wilaya ya Dowa, ni mwendo wa kilometa kati ya 40 na 50 kuelekea kaskazini. Barabara inapita katikati ya mashamba ya mahindi na tumbaku, na kwa mbali vinaonekana vilima vya Dowa. Ni lazima kuwa na kibali cha serikali kabla ya kuingia. Tunawashauri watakaofuata wakiombe mapema.

Jina lenyewe ni somo. Wakati wa utawala wa Dkt. Kamuzu Banda mahali hapa palikuwa gereza, na inaelezwa kwamba "Dzaleka" ni maneno ya mfungwa anayeahidi kuwa ameacha, hatarudia tena. Kitenzi cha Kichewa ni *kuleka*, kuacha. Wanafunzi wetu waliokulia karibu na Burundi walitambua mara moja *kureka* ya Kirundi. Mwaka 1994 gereza hilo likageuzwa kuwa kambi ya wakimbizi, iliyokusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000. Walio wengi ni Wakongo. Wengine ni Warundi na Wanyarwanda, na wapo pia Wasomali na Waethiopia. Watu hawa walipohitaji lugha ya kuuziana nyanya na kusuluhishana ugomvi, wengi wao waliegemea Kiswahili, ingawa kambi imezungukwa na vijiji vya Wachewa.

Wengi tuliozungumza nao walipita njia inayofanana. Walivuka Ziwa Tanganyika kwa mashua kutoka Uvira au Baraka hadi Kigoma. Baadhi walikaa miaka katika kambi ya Nyarugusu. Kisha wakashika njia ya Mbeya, wakavuka mto Songwe na kuingia Karonga. Kwa hiyo Kiswahili chao kina tabaka, kama udongo wa kando ya mto: chini Kivu, katikati Kigoma, juu Kichewa.

Jimbo lenyewe likoje?

Tulimwomba mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi atueleze jimbo lake kana kwamba anatutembeza. Akachukua kijiti, akachora chini. Juu, Ziwa Kivu. Chini, Ziwa Tanganyika. Katikati, mto Ruzizi unaotoka ziwa la juu kwenda la chini. Ziwa Kivu liko meta zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika meta 770 na ushei. Basi mto huo unashuka karibu meta 700. Bonde la Ruzizi ni la joto. Ukiinua macho upande wa magharibi unaona ukuta wa milima, na juu yake nyanda za ng'ombe zenye baridi na ukungu. Kusini zaidi ni milima ya Itombwe, ambayo misitu yake ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2006.

Kivu ya Kusini ikawa jimbo la peke yake mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Ina wilaya nane, ambazo wenyewe huziita teritwari: Kabare, Walungu, Kalehe, Idjwi, Uvira, Fizi, Mwenga na Shabunda. Bashi wako Kabare na Walungu. Bahavu wako Kalehe na katika kisiwa cha Idjwi. Batembo wako Bunyakiri. Barega wako Mwenga na Shabunda, upande wa misitu, na Banyindu wako Mwenga pia. Bavira na Bafuliiru wako Uvira, Babembe wako Fizi, na Banyamulenge wako katika nyanda za juu. Batwa wametawanyika sehemu nyingi, hasa karibu na misitu. Kila kundi lina lugha yake, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, shuleni na kanisani.

Swali tulilokosea

Hapa ndipo tulipojikwaa. Katika kijitabu chetu cha mazoezi ya mazungumzo kulikuwa na swali, "Kabila lako ni lipi?" Kwa Watanzania swali hili mara nyingi ni mlango wa utani: Mnyamwezi akikutana na Mzaramo, au Mhehe na Mngoni, kicheko kinafuata. Mwanafunzi wetu mmoja, kijana mwenye adabu, alimwamkia mama mmoja muuza mboga "Shikamoo, mama", akajibiwa "Jambo sana, mwanangu", kisha akauliza swali la kijitabu.

Yule mama alinyamaza. Akaanza kupanga upya mafungu ya mboga ambayo yalikuwa yamekwisha pangwa. Jirani yake akatuambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ile neno hatuulizake hapa. Kule kwetu ukiulizwa vile, ni kusema wanataka kujua kama utapita ao hautapita."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Vita vya mwaka 1996 na vile vya 1998 vilianzia mashariki ya Kongo, na katika vizuizi vya barabarani jibu la swali hilo liligharimu maisha ya watu wa makundi mbalimbali. Tulimwomba yule mama radhi. Alitupokea kwa upole kuliko tulivyostahili, akatuuzia mboga, na akatuambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ametoka Fizi, karibu na ziwa.

Tangu hapo tuliona jinsi watu wa Dzaleka wanavyoulizana: "Unatokea wapi?" Na jibu ni mahali: Uvira, Walungu, Mwenga. Anayetaka kusema zaidi atasema. Swali la zamani tumeliondoa katika kijitabu, na mahali pake tumeweka hili. Tunawaomba walimu wa vyuo vingine wenye vitabu vya namna hiyo wafikirie jambo hili. Sarufi ya sentensi yetu haikuwa na kasoro yoyote, na bado ilimtia mtu hofu.

Mlima, msitu na watalii

Wanafunzi walitaka sana kusikia habari za sokwe wakubwa, yaani gorila. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, ikapanuliwa mwaka 1975, na sasa ina eneo la kilometa za mraba 6,000 hivi. Imepewa jina la milima miwili ya volkano iliyozimika: Kahuzi, wenye meta 3,308, na Biega, wenye meta 2,790. Ni makazi ya gorila wa nyanda za chini za mashariki, ambao hawapatikani popote nje ya Kongo. Katika miaka ya 1970 baadhi ya familia za gorila zilizoeshwa watu, na wageni wakaanza kuja kuzitazama. UNESCO iliiweka hifadhi hiyo katika Urithi wa Dunia mwaka 1980, na mwaka 1997, kwa sababu ya vita, ikaiingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Hayo ndiyo yaliyomo katika vipeperushi vya utalii. Yasiyomo ni kwamba Batwa waliokuwa wakiishi ndani ya msitu huo waliondolewa katika miaka ya 1970 ili hifadhi ipatikane, na wakaachwa bila ardhi. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba serikali ya Kongo ilikiuka haki zao. Mzee wetu mwalimu alilisema jambo hilo kwa sentensi moja: "Ngagi alipata nyumba, Mutwa akapoteza yake." *Ngagi* ni gorila. Tunaliandika hapa kwa sababu wanafunzi wetu kadhaa watafanya kazi ya kuongoza watalii, na atakayesimulia mlima bila watu wake atakuwa amesimulia nusu tu.

Kiswahili cha Dzaleka

Tukirudi kwenye lugha, mambo matatu ni rahisi kuyasikia.

La kwanza ni ngeli. Badala ya *watu* na *vitu*, utasikia *batu* na *bitu*. Badala ya *mtu* na *mzuri*, *mutu* na *muzuri*. Wapo wanaodhani huo ni uvivu wa ulimi. Sivyo. Weka maneno haya pamoja: Kirundi *abantu*, Kiswahili cha Kivu *batu*, Kiswahili sanifu *watu*, Kichewa *anthu*. Ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu, na *ba-* ya Kivu ina wenzake wengi katika lugha za jirani kuliko *wa-* yetu.

La pili ni mahali. Kiambishi *-ni* kinatumika kidogo. Watu husema *mu nyumba* na *ku soko*. Mtu aliyesema "nilikuwa ku mulima" hakuwa na maana ya mlima wowote ule. Kwake ni zile nyanda za juu zenye jina na historia. Mkalimani asiyejua hilo ataandika tu "alikuwa mlimani", na katika mahojiano ya mkimbizi tofauti hiyo si ndogo, kwani anayehojiwa hupimwa ukweli wake kwa majina ya mahali.

La tatu ni chakula, na hapa Dzaleka ni darasa la wazi. Kisamvu chetu ni *sombe*. Mchicha ni *lengalenga*, na Wachewa wanaokuja kuuza huuita *bonongwe*. Ugali ni *bugali* kwa Mkongo na *nsima* kwa mwenyeji. Samaki wadogo wa Ziwa Kivu ni *sambaza*, wa Tanganyika ni *ndagala*, na wa Ziwa Malawi ni *usipa*. Kitenge ni *kikwembe* kwa mama wa Bukavu na *chitenje* kwa mama wa Dowa. Tulimsikia binti wa miaka kumi hivi, aliyezaliwa kambini, akitumia majina yote hayo kwa zamu kulingana na mteja aliyesimama mbele yake. Alipoulizwa ipi ni lugha yake alicheka: "Zote ni za kwetu."

Wanaobaki na wanaoondoka

Tusimalize kana kwamba Dzaleka ni maonyesho ya lugha. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 huku ikiweka vizuizi juu ya baadhi ya vifungu, vikiwamo vya kazi na vya uhuru wa kutembea. Wakimbizi wengi walikuwa wamefungua maduka Lilongwe na miji mingine. Mwezi Machi 2023 serikali iliwaamuru warudi Dzaleka, na Mei mwaka huohuo msako ukaanza. Mzee mmoja alituambia alikuwa na duka la bidhaa ndogondogo mjini; sasa anauza sabuni mbele ya chumba alichopangishwa.

Hata hivyo watu hawajakaa kulia. Mwaka 2014 Trésor Nzengu Mpauni, msanii Mkongo ajulikanaye kama Menes la Plume, alianzisha humo humo kambini Tamasha la Tumaini. Tamasha hilo limewaleta Wamalawi na wageni wa mbali kusikiliza muziki, na hata kulala katika nyumba za wakimbizi. Wapo wanaoona ajabu mtu kwenda kambini kama mgeni wa matembezi. Sisi tuliona kwamba siku mwenyeji anapokupikia na kukutandikia, wewe ndiwe unayepokea msaada, na mazungumzo hubadilika.

Jioni ya mwisho tulimwuliza mzee mwalimu kama wajukuu zake wanaijua Kivu. Akasema wanaijua ile aliyoichora kwa kijiti, na kwamba mvua ikiifuta huichora tena. Kisha akatugeukia: "Ninyi mukienda kufundisha, musiseme tunaharibu Kiswahili. Tumetembea nacho mbali sana."

Basi, ndugu msomaji, hilo ndilo tulilorudi nalo. Muhula ujao somo la lahaja litaanza na *batu* na *bitu* kama namna halali ya kusema, na kijitabu kipya cha mazoezi kinapatikana ofisini kwetu. Walio na maoni au masahihisho, hasa wenyeji wa Kivu, tunawakaribisha kwa mikono miwili.