Kabla Hujapiga Windows Upya

Laptopu inayozima kabla haijafika penye kuingiza nywila mara nyingi hupelekwa kwa fundi na kurudi na Windows mpya. Siku chache zikipita, inazima tena, na safari hii hata picha za harusi hazimo. Fundi makini huanza kwa kuuliza: inazima ikifika wapi?

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, Windows bado haijaingia kazini. Inayotangulia ni programu ndogo iliyo kwenye chipu ya ubao mama, yaani UEFI, au BIOS kwa mashine za zamani. Hiyo ndiyo inayokagua prosesa, RAM na diski, kisha inaikabidhi Windows mashine. Laptopu inayozima kabla hata nembo ya kampuni haijatokea haitaponywa kwa kupiga Windows.

Kipo kipimo kisicho na gharama. Washa huku ukibonyeza F2 au F10, kutegemea kampuni, uingie kwenye mipangilio ya BIOS, kisha uiache hapo nusu saa. Humo Windows haipo kabisa. Ikizima humohumo, mshukiwa ni umeme, joto au kifaa. Isipozima, vifaa bado havijasafishwa jina moja kwa moja, kwa sababu pale prosesa haibebi kazi nzito, ila uzito wa tuhuma unahamia kwenye programu.

Joto lina dalili yake: asubuhi inawaka vizuri, ikishapata moto haifiki mbali. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi, na zisipopoa mashine hujizima ili zisiungue. Feni iliyojaa vumbi ndiyo ya kutazama kwanza. RAM nayo ichomolewe na kurudishwa, betri na chaja vikiwa vimetolewa. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Katika laptopu nyingi nyembamba RAM imelehemiwa kwenye ubao, basi hapo tumia programu ya MemTest86 na uiache usiku kucha.

Ikizima baada ya nembo, vidoti vikizunguka au skrini ya bluu ikimulika na kutoweka, isome hiyo skrini. Windows ina tabia ya kujiwasha upya haraka mno. Uwashaji ukishindikana mara kadhaa mfululizo, Windows 10 na 11 hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo mna chaguo la kuzuia kujiwasha upya na lingine la kuwasha katika hali salama (Safe Mode). Ikiwaka katika hali salama, tafuta draiva au programu iliyoingia karibuni.

Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Nyingi zilikwama kwenye kuwaka na kuzima. Dawa haikuwa kupiga Windows: watu waliingia katika hali salama wakafuta faili moja. Waliosota zaidi ni wale ambao diski zao zilifungwa kwa BitLocker nao hawakuwa na ufunguo wake wa tarakimu 48.

Kati ya misimbo ya skrini ya bluu, ule wa 0x7B unanikera kuliko yote, maana ndio unaopotezea watu data bure. Maana yake Windows haikuifikia diski. Diski inaweza kuwa imekufa, lakini kwenye laptopu kuukuu huenda kabetri kadogo ka ubao mama kameisha, BIOS ikasahau mipangilio, na namna ya kuwasiliana na diski ikabadilika. Kurudisha mpangilio huo ni kazi ya dakika moja. Kupiga Windows nako kutaifanya iwake, ila kila kilichokuwa kwenye diski kitakuwa kimefutwa.

Kwa vyovyote, nakili mafaili kwanza. Diski ikichomoka, itie kwenye kasha la USB na uichomeke kwenye kompyuta nyingine. Ukisikia inagonga ndani, acha kuiwasha; ipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data ikiwa hivyo hivyo.