Homoni za Msongo: Jinsi Ubongo Unavyotoa Amri na Kuifuta

Kiswahili kimekubali istilahi 'msongo wa mawazo' kwa hali inayompata mja anapolemewa na mambo. Istilahi hii ina mashiko, ila inaficha nusu ya ukweli. Majeruhi aliyevuja damu nyingi hadi akazirai hawazi lolote, lakini mwili wake humwaga homoni zile zile zinazomwagwa na mwili wa mwanafunzi anayetetemeka nje ya chumba cha mtihani. Kinachowaunganisha wawili hao ni njia za ubongo, na makala haya yanazimulika njia hizo.

Mnamo mwaka wa 1936, Hans Selye, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Alieleza kwamba panya waliopatwa na baridi, majeraha au sumu walionyesha mabadiliko yale yale: tezi za adrenali zilivimba, tezi ya thaimasi ikasinyaa, na vidonda vikatokea tumboni. Swali lililobaki ni nani aliyezipelekea tezi hizo habari. Jibu kamili lilichelewa hadi mwaka wa 1981, Wylie Vale na wenzake katika Taasisi ya Salk, California, walipoibainisha homoni ya ubongo inayoanzisha mambo yote.

Homoni hiyo hutoka katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo. Hupitia vishipa vidogo vya damu hadi kwenye tezi ya pituitari, nayo pituitari hutoa homoni yake inayosafiri katika damu hadi kwenye adrenali, tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Hizi ndizo humwaga kortisoli. Adrenalini, ambayo huamrishwa na neva moja kwa moja, huufanya moyo uende mbio katika muda wa sekunde chache. Kortisoli ni ya mwendo wa taratibu: aghalabu hufikia kilele takriban nusu saa baada ya kisa kuanza, ikiongeza sukari katika damu na kuahirisha shughuli zinazoweza kungoja.

Je, ni nani anayeiamsha haipothalamasi? Zipo njia za aina mbili. Ya kwanza hutoka katika shina la ubongo na kuleta habari za mwili: damu imepungua, pumzi imekatika, maradhi yameingia. Njia hii ni fupi na haihitaji fikra yoyote, na ndiyo inayomhusu yule majeruhi.

Ya pili ndiyo ya kustaajabisha. Sehemu za ubongo zinazoshughulikia hofu, kumbukumbu na maamuzi, yaani amigdala, hipokampasi na gamba la mbele, kwa kiasi kikubwa hazizungumzi na haipothalamasi ana kwa ana. Ujumbe wake hupitia kwa seli za kati, ambazo nyingi ni mithili ya mabawabu: kazi yake ni kunyamazisha. Hipokampasi huwachochea mabawabu hao, na haipothalamasi hutulia. Amigdala nayo huwanyamazisha mabawabu wenyewe, na mlango ukabaki bila mlinzi. Kwa hivyo hofu haiusukumi mlango, humwondoa anayeuzuia. Wahenga waliosema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka hawakuwa na habari za amigdala, lakini kisa walikijua barabara: mwili huitikia kumbukumbu kana kwamba jino la nyoka limeshaingia.

Amri iliyotolewa sharti pia ifutwe. Mfutaji ni kortisoli yenyewe, ambayo hurudi ubongoni na kuarifu kwamba imetosha. Mwaka wa 1968, Bruce McEwen na wenzake walionyesha kwamba hipokampasi ya panya huinasa na kuihifadhi homoni ya aina hii. Hapa ndipo penye hatari. Msongo unapoendelea kwa majuma mengi, matawi ya seli za hipokampasi katika panya hufupika, na breki huanza kulegea kutokana na kile kile inachopaswa kukizuia. Mfumo huu pia ndio sababu ya wagonjwa waliotumia dawa kama prednisoloni kwa muda mrefu kuonywa wasiziache ghafla. Ubongo ulikwisha kuhesabu dawa hiyo kuwa kortisoli, ukanyamaza, na adrenali zikazembea. Dawa ikikatika kwa mara moja, mwili hukosa vyote viwili.

Ushahidi mwingine ulipatikana papa hapa Kenya. Kuanzia mwaka wa 1978, Mmarekani Robert Sapolsky alichunguza nyani wa Masai Mara, akiwadunga vishale vya dawa ya usingizi na kuwatoa damu. Ngazi ya mamlaka ilipokuwa imara, madume wa chini walikuwa na kortisoli nyingi hata wakati wa utulivu. Walipodungwa deksamethasoni, dawa inayofanana na kortisoli, miili yao haikupunguza homoni hiyo kwa wepesi kama ya wakubwa wao. Adrenali zao hazikuwa na kasoro. Ni ubongo uliokuwa mzito wa kusikia kwamba imetosha. Na ngazi hiyo ilipoyumba, madume wakawa wanapigania nafasi kila uchao, hata wakubwa waliipoteza nafuu yao.