Makohozi Yakikauka, Damu Ina la Kusema

Mwisho wa mwezi wa pili wa matibabu ya kifua kikuu (TB), mgonjwa hukabidhiwa kikopo kidogo cha plastiki na kuombwa akohoe. Wengi hukirudisha kikiwa na mate matupu. Kikohozi kimekwisha, hamu ya chakula imerudi, suruali iliyokuwa ikimpwaya imeanza kumkaa. Kwake hizo ni habari njema, na aghalabu ni njema kweli. Lakini kwa mhudumu wa kliniki ya kifua, awe Thika au Ruiru, kikopo kisicho na makohozi huacha swali likining'inia: je, dawa zimeviua vimelea, au zimevinyamazisha tu?

Kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI (VVU) swali hilo huwa gumu maradufu. Makohozi yenye vimelea tele hutoka hasa kwenye mapafu yaliyotoboka. Mashimo hayo hayachimbwi na vimelea peke yao. Kwa sehemu kubwa huchimbwa na kinga ya mwili inapopambana navyo. VVU vikishaidhoofisha kinga hiyo na kupunguza chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, mapambano hufifia, mashimo huwa machache, na vimelea hutawanyika kwingine: kwenye tezi, uti wa mgongo, tumbo, hata utando wa ubongo. Mgonjwa anaweza kuwa mahututi huku makohozi yake yakionekana safi chini ya hadubini. Basi ikiwa alianza dawa makohozi yakiwa hayaonyeshi kitu, yatatuambia nini baada ya miezi miwili?

Utaratibu wetu hapa Kenya ni kupima makohozi kwa hadubini mwisho wa mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Njia nyingine zina mipaka yake. Kuotesha vimelea maabarani kunaweza kuchukua majuma sita au zaidi, na mgonjwa huwa ameshamaliza karibu robo ya matibabu kabla ya jibu kufika. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha Desemba 2010, hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, lakini inachosoma ni chembe za urithi za kimelea. Chembe hizo hubaki mwilini hata kimelea kikishakufa, kama ganda la konokono linavyobaki shambani. Ndiyo maana tunaitumia kugundua ugonjwa, si kufuatilia kupona.

Ifahamike pia miezi sita hii ya dawa ilitoka wapi. Mapema miaka ya 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio yaliyoendeshwa kwa pamoja na watafiti wa Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, yakaonyesha kwamba dawa ya rifampisini ikiwemo, matibabu yaliyokuwa yakichukua mwaka mmoja na nusu yanaweza kufupishwa hadi miezi sita. Watafiti walijua nani amepona kwa kusubiri: baada ya dawa kwisha, waliendelea kuwafuatilia wagonjwa kuona ugonjwa utamrudia nani. Hesabu hiyo ni ya kundi. Inatuambia wagonjwa wangapi katika mia watapona, wala haimtaji aliyeketi mbele ya daktari leo.

Hapo ndipo damu inapoingia. Viashiria vya damu ni vitu vinavyopanda au kushuka katika damu kulingana na yanayotendeka mwilini. Kinachojulikana zaidi ni protini inayoitwa CRP. William Tillett na Thomas Francis waliieleza mwaka 1930 walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia nchini Marekani. Ini ndilo linaloitengeneza, likiamshwa na ishara za kinga kwamba kuna maambukizi au jeraha. Chanzo kikizimwa, CRP hupungua kwa nusu kwa saa kama 19. Kwa hiyo hufuata hali ya mwili kwa karibu kuliko uzito, ambao huchukua majuma kupanda, na haihitaji mgonjwa akohoe. Tone la damu kutoka kidoleni latosha, na jibu huweza kutoka kabla hajaondoka kliniki.

Jirani zetu wa Uganda wamechangia sana katika elimu hii. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika kliniki mbili za VVU mjini Kampala, ukihusisha watu zaidi ya 1,000. Kipimo cha CRP kilinasa karibu wagonjwa 9 kati ya kila 10 waliokuwa na TB. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza CRP itumike kuwachuja watu wanaoishi na VVU, anayevuka miligramu 5 kwa lita afanyiwe uchunguzi kamili wa TB. Lakini kuchuja wagonjwa ni kazi moja, na kufuatilia matibabu ni kazi nyingine. Katika kufuatilia, namba moja haina maana kubwa. Kinachosema ni mwendo wake.

Tuseme wafanyakazi wawili wa viwandani wanaoishi Makongeni, Thika, wote wana TB na VVU, na wote wanaanza dawa CRP ikiwa miligramu 90 kwa lita. Baada ya mwezi mmoja wa kwanza ana 20, na mwezi wa pili ana 6. Wa pili ana 70, kisha 85. Huyu wa pili hahitaji kungoja kikopo cha mwezi wa tano ndipo aulizwe maswali. Je, anazimeza dawa zote, au anazitapika? Je, vimelea vyake ni sugu kwa rifampisini? Je, ana maambukizi mengine yaliyojificha? Au je, kinga yake ndiyo inayoamka?

Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Mgonjwa mwenye VVU hupaswa kuanza dawa za kudhibiti virusi hivyo (ARV) ndani ya majuma mawili ya kuanza dawa za TB, isipokuwa TB ikiwa kwenye utando wa ubongo. ARV zikianza kufanya kazi, kinga iliyokuwa imelala huweza kuzinduka na kuvishambulia vimelea kwa ghadhabu. Tezi huvimba, homa hurudi, CRP hupanda, ilhali dawa zinafanya kazi yake sawasawa. Anayeisoma namba bila kumtazama mgonjwa anaweza kubadilisha dawa zisizo na hatia.

Kosa la upande wa pili ni baya vilevile. CRP huweza kushuka mapema wakati vimelea vichache vilivyolala vingali hai. Hivyo ndivyo vinavyohitaji miezi minne ya mwisho. CRP iliyoshuka ni ishara kwamba njia ni sahihi. Haithibitishi kwamba safari imekwisha, na isiwe kamwe kisingizio cha kuacha dawa.

Kwa sababu hiyo wanasayansi wanatafuta viashiria vilivyo karibu zaidi na TB yenyewe. Kimoja kinachochunguzwa husoma jeni tatu ambazo chembe nyeupe za damu huziamsha au kuzituliza zikikabiliana na kimelea cha TB: GBP5, DUSP3 na KLF2. Kipimo hicho hutumia damu ya kidoleni katika mashine ileile ya GeneXpert. Kwa mwenye VVU tahadhari inabaki, maana virusi visivyodhibitiwa navyo huziamsha baadhi ya jeni za aina hii. Kiashiria cha TB lazima kisomwe pamoja na kiwango cha virusi.

Je, miji yetu inaweza kuimudu kazi kama hii? Thika imeshajibu. Ilikuwa miongoni mwa vituo tisa vya Kenya na Uganda vilivyofanya utafiti wa Partners PrEP, ambao mwaka 2011 ulitangaza kwamba vidonge vinavyomezwa kila siku humkinga mtu asiambukizwe VVU na mwenzi wake. Wanandoa na wapenzi zaidi ya jozi 4,700 walishiriki, na wale wasio na virusi walipimwa mwezi baada ya mwezi. Watu wa kawaida walikubali damu yao itumike kuwafaa wengine, na dunia ikapata kinga mpya.

Sasa tazama ramani. Katika sensa ya 2019 mji wa Thika ulikuwa na watu 251,407, na Ruiru ulikuwa na 490,120. Lakini hospitali kubwa, ya Level 5, iko Thika. Kipimo cha kufuatilia TB kikiishia Thika au Nairobi, kitawapita wengi wanaokihitaji. Lazima kiwe chepesi na cha bei nafuu, kikae Ruiru, Githurai na katika zahanati, na jibu lisomwe na muuguzi aliye karibu.

Nawe msomaji, ikiwa unatibiwa TB huku ukiishi na VVU, usikimbilie maabara ya mtaani kununua kipimo cha CRP ukajisomee mwenyewe. Kama kliniki yako ina kipimo hicho, omba matokeo yote yaandikwe kwa mfuatano kwenye kadi yako. Mweleze mhudumu kila dawa unayotumia, kwani rifampisini hupunguza nguvu ya dolutegravir, mojawapo ya ARV, ndiyo maana anayetumia zote mbili hupewa dolutegravir mara mbili kwa siku. Ukihama kutafuta kibarua, kutoka Thika kwenda Ruiru au kurudi kwenu, beba barua ya uhamisho. Dawa za TB hutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Zimeze mpaka siku ya mwisho, hata kikohozi kikiwa kimekwisha zamani.