Je, Wajua? Hewa ya Ukaa Huipa Miti Nguvu Kuliko Nyasi

Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ilikuwa na takriban sehemu 280 za kabonidayoksaidi (hewa ya ukaa) katika kila sehemu milioni. Leo zimepita 420. Jani hupokea gesi hiyo kupitia vitundu vilevile vinavyopoteza maji, hivyo gesi ikizidi vitundu hujibana na maji hubaki, faida kubwa penye ukame. Majaribio ya Afrika Kusini yalionyesha miche ya migunga ikikuza mizizi minene zaidi, akiba ya kuchipua tena baada ya moto. Nyasi za savana, zenye mbinu yake ya kurundika gesi hiyo ndani ya jani, hazinufaiki kiasi hicho.

Vichaka vinapoenea savanani, wapo wanaolaumu mifugo mingi na kuzuiwa kwa moto. Hayo yamo, lakini huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, vichaka vilisambaa hifadhini, kwenye mashamba ya biashara na pia kwenye ardhi ya vijiji, ingawa matumizi ya ardhi yanatofautiana mno. Wala tusishangilie ukijani huu: karibu na Sydney, mikaratusi iliyokomaa ilipuliziwa gesi hiyo kwa miaka bila kunenepa zaidi, kwani udongo wa huko una fosforasi haba. Na kwa mfugaji wa ng'ombe, anayetafuta nyasi, ukijani wa vichaka ni hasara.