Safari ya siku nne katika nchi ya volkeno zilizolala

INAPOTAJWA ziara ya kutazama volkeno na barafu, fikira za wengi hukimbilia Iceland, kisiwa cha kaskazini mwa Ulaya ambako wageni huzungushwa kwa siku kadhaa wakionyeshwa milima itemayo moto, chemchemi za maji yachemkayo na nyanda za barafu. Mnamo 2010, mlima mmoja wa huko, Eyjafjallajökull, ulirusha majivu yaliyosimamisha safari za ndege katika sehemu kubwa ya Ulaya. Tangu wakati huo dunia nzima imelijua jina la kisiwa hicho, hata kama wachache wanaweza kulitamka la mlima wenyewe.

Barafu hatuna katika kaunti za Homa Bay na Migori. Wanaoitamani hawana budi kupanda Mlima Kenya, na wafanye hima, maana barafu yake inazidi kupungua. Volkeno, kwa upande mwingine, tunazo tele. Wakazi wa Nyanza Kusini wanalima juu yake, wanachunga ng'ombe juu yake na kuvua samaki kandokando yake. Wanaojua kwamba ni volkeno ni wachache, na wageni wanaofika kuzitazama ni wachache zaidi.

Tofauti kati ya kwetu na Iceland haitokani na uzuri wa milima peke yake. Kule, mgeni huandamana na mtu anayeweza kumweleza anachokiona. Bila maelezo hayo, Mlima Homa ni kilima kama vingine na ukuta wa Thimlich Ohinga ni rundo la mawe. Makala haya yanaeleza jinsi ziara ya siku nne inavyoweza kupangwa katika eneo hili, na kile ambacho kiongozi wa wageni anapaswa kukijua katika kila kituo.

Kwanza, asili ya milima hii. Bonde Kuu la Ufa lina tawi linaloelekea magharibi, na Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria imelala ndani ya tawi hilo. Ukoko wa dunia ulipopasuka, miamba iliyoyeyuka ilipata njia ya kupanda juu. Takriban miaka milioni 20 iliyopita, volkeno kubwa iitwayo Kisingiri ilisimama mahali palipo milima ya Gwassi leo. Mvua na upepo vimeila hata yakabaki mabaki tu: Rangwa katikati, Gwassi na Gembe pembeni, na visiwa vya Rusinga na Mfangano ziwani. Mlima Homa ulizaliwa baadaye.

Siku ya kwanza: Kendu Bay na Homa

Mgeni atokaye Kisumu hufika Kendu Bay kwanza. Karibu na mji huo pana Ziwa Simbi Nyaima, ziwa dogo la mviringo lenye maji ya magadi yasiyonyweka. Masimulizi ya Waluo yanasema kwamba hapo palikuwa na kijiji kilichomnyima hifadhi ajuza mmoja usiku wa sherehe. Mvua ikanyesha, maji yakafumka kutoka ardhini, na kijiji kikazama pamoja na watu wake. Jina lenyewe lina maana ya kijiji kilichozama.

Wanajiolojia nao wana simulizi yao. Miamba ya moto ilipokutana na maji yaliyo chini ya ardhi, mvuke ulilipuka kwa nguvu na kuacha shimo lililojaa maji. Kiongozi mwema husimulia yote mawili, wala hayadharau ya wazee, kwani nayo yanataja maji yaliyotoka chini kwa ghafla. Mgeni akibahatika atawakuta heroe wakila mwani unaostawi katika maji hayo.

Magharibi mwa ziwa hilo ndipo ulipo Mlima Homa, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,700, na chemchemi za maji moto kwenye miteremko yake. Mlima huu ni wa aina adimu. Lava ya volkeno nyingi ina silika kwa wingi. Ya Homa ilikuwa na kaboneti, ikawa miamba iliyo jamaa ya mawe ya chokaa. Wataalamu huiita kabonatiti. Duniani kote, volkeno moja tu iliyo hai hutoa lava ya jamii hiyo, nayo ni Ol Doinyo Lengai ya kaskazini mwa Tanzania. Anayeutazama Homa anamtazama ndugu mzee wa mlima huo, aliyekwisha kupoa.

Kwenye rasi hiyo hiyo, mahali paitwapo Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka wa 2023 kwamba wamepata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa kwa zana hizo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2025 ulionyesha kwamba baadhi ya mawe hayo yalibebwa kutoka umbali wa hadi kilomita 13, kwa sababu mawe ya karibu yalikuwa laini mno. Basi safari katika nchi hii zilianza zamani sana, kabla hata ya binadamu wa sasa kuwapo.

Siku ya pili: Ruri na Ruma

Kutoka mji wa Homa Bay, mgeni hupita karibu na vilima vya Ruri, ambavyo pia ni vya kabonatiti, kisha huteremka katika Bonde la Lambwe. Humo mna Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, yenye eneo la kilomita 120 mraba. Hii ndiyo mbuga pekee ya Kenya ambamo korongo, swala mkubwa mwenye uso wa rangi nyeusi na nyeupe, angali anaishi porini.

Kwa miaka mingi bonde hili liliogopwa kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Mbung'o aliwafukuza wafugaji na wakulima, na kwa kufanya hivyo akawaachia wanyama pori nafasi. Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Kiongozi anayeyajua haya ataweza kumtoa mgeni hofu na kumweleza pia kwa nini nyasi za Lambwe hazikugeuka mashamba yote.

Siku ya tatu: Rusinga na Mfangano

Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja. Wakenya wengi hufika huko kuzuru kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa jijini Nairobi Julai 5, 1969. Wachache huendelea hadi kwenye makorongo ya udongo ambako mwaka wa 1948 Mary Leakey alilipata fuvu la nyani wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Kiumbe huyo alijulikana kwa miaka mingi kwa jina la Proconsul. Mwaka wa 2015 wanasayansi walimpa jina jipya, Ekembo, walilolitoa katika lugha ya Wasuba.

Kwa nini mifupa hiyo haikuoza? Jibu liko kwenye volkeno. Majivu ya Kisingiri yalikuwa na kalsiamu nyingi. Yaliifunika mizoga upesi, na madini yakapenya ndani ya mifupa na kuigeuza mawe. Hata mbegu, matunda na wadudu wa enzi hizo wamehifadhiwa. Mlima uliowafukia viumbe hao ndio uliotuwekea kumbukumbu yao.

Mwenye nafasi avuke kwa boti hadi Mfangano, ambako miamba ina michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe, iliyo mahali ambapo wenyeji wamepaheshimu tangu jadi.

Siku ya nne: Gwassi hadi Migori

Njia ya kusini hupitia Sindo na Magunga, kwenye miteremko ya Gwassi, hadi Karungu, ambako visukuku vilichimbwa tangu 1911. Kutoka hapo si mbali sana na Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori.

Kuta za ngome hii zinakadiriwa kujengwa karne ya 16. Zimesimama bila saruji wala udongo wa kuunganisha. Wajenzi walipanga mawe makubwa nje na ndani, wakajaza madogo katikati, nazo kuta zikafika mita 4.5 mahali pengine. Malango ni mafupi, hivyo kila aingiaye hulazimika kuinama, na adui aliyeinama ni rahisi kumdhibiti. Mwaka wa 2018, UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Ziara inaweza kumalizikia Macalder, Nyatike, penye mgodi wa zamani wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka wa 1966. Miamba ya huko ni ya volkeno za kale zaidi, zenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Wachimbaji wadogo wangali wanatafuta dhahabu humo, na mashimo yao ni hatari. Asiye na mwenyeji asijaribu kuzurura huko.

Nani atafaidika?

Mgeni anayepita kwa siku moja huacha ada ya lango tu. Anayekaa siku nne huacha malipo ya kitanda, samaki, boti, bodaboda na kiongozi. Hiyo ndiyo sababu ya kuviunganisha vituo hivi kuwa ziara moja, na ni kazi inayozihitaji kaunti zote mbili, kwa kuwa volkeno haikuutambua mpaka wa Homa Bay na Migori.

Kuna hatari pia. Visukuku hujitokeza kila mvua inapoosha udongo, na mtoto asiyevijua huvikanyaga, au mpita njia huvitia mfukoni. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka wa 2006 inavilinda, lakini askari hawezi kusimama kwenye kila korongo. Mlinzi wa kweli ni kijana wa kijiji aliyefunzwa kusoma mawe, anayejua kwamba mfupa uliobaki mahali pake utamletea mgeni mwingine mwaka ujao.

Milima imeshafanya sehemu yake. Kilichosalia ni kuwafunza wasimulizi wake, nao watoke Kendu, Lambwe, Rusinga, Gwassi na Nyatike kwenyewe. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.