Namba Zinazofichwa Nyuma ya Jibu

Katika R, lugha ya programu inayotegemewa sana na wanatakwimu, fanksheni hupokea vitu vingi lakini hurudisha kimoja tu. Ndivyo ilivyo tangu Ross Ihaka na Robert Gentleman walipoianzisha katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mapema miaka ya 1990, wakichota mawazo kutoka lugha za S na Scheme. Hesabu ikizaa jibu la ziada, basi, litawekwa wapi?

Kuna njia mbili. Unaweza kurudisha orodha yenye vyumba vilivyopewa majina, au ukabandika jibu la ziada kwenye lile kuu kama sifa yake. Sifa haibadilishi namba zenyewe, huzifuata kimyakimya.

Chukua urefu wa wanafunzi watatu: sentimita 150, 160 na 170. Fanksheni iitwayo scale hutoa wastani, yaani 160, kutoka kila namba, kisha hugawanya kwa mkengeuko sanifu, ambao hapa ni 10. Jibu ni -1, 0 na 1. Zile 160 na 10 hubandikwa juu yake kama sifa mbili, scaled:center na scaled:scale.

Sasa linakuja darasa jingine: 165, 175 na 185. Ukilipitisha peke yake kwenye scale, utapata tena -1, 0 na 1, kana kwamba warefu hawa wanalingana na wale wa kwanza. Ukitumia 160 na 10 za mwanzo, utapata 0.5, 1.5 na 2.5. Modeli iliyofunzwa kwa darasa la kwanza inazihitaji hizi. Ukiipa zile nyingine itatabiri vibaya bila kutoa onyo lolote. Kwa maoni yangu, basi, 160 na 10 ni sehemu kamili ya jibu, na kuzibandika kama sifa ni kuziweka pahali dhaifu mno.

Jaribu kukata safu mbili za kwanza za jibu hilo kwa mabano ya mraba: sifa zote mbili zinapotea, wala R haitoi ujumbe wa kosa. Lizidishe jibu kwa 2, nazo zinabaki, na hilo ni baya zaidi. Ukizitumia kurudi kwenye sentimita utapata 140, 160 na 180, urefu ambao si wa wanafunzi wale.

Sifa zinafaa pale ambapo kupotea kwake hakuharibu hesabu. Fanksheni na.omit, ikiondoa safu zenye data pungufu, huacha sifa inayotaja safu zilizotolewa. Hiyo ikidondoka njiani, data iliyobaki ni ileile.

Lakini thamani ambayo hatua inayofuata haiwezi kwenda bila yake, irudishe ndani ya orodha, ionekane na iitwe kwa jina. Ukiandika scale ndani ya fomula ya lm, fanksheni ya kujenga modeli za mstari, R yenyewe huzichukua sifa zile mbili mapema na kuzihifadhi ndani ya modeli, ili predict, fanksheni ya kutabiri, itakapoletewa darasa jipya ipime kwa 160 na 10 zilezile.